Gari Lililosalimia Machela

Hapo zamani, na wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani hii ya juzi ambayo hata wewe unayesinzia hapo nyuma ulikwisha kuota meno, palikuwa na binti aliyeitwa Namkunda. Kaeni vizuri. Anayetaka kutoka nje atoke sasa, maana hadithi hii nikiianza sirudi nyuma, na mwisho wake nitawauliza neno. Asije mtu akaniambia hakusikia.

Namkunda alikuwa mtoto pekee wa Mzee Eliapenda na mkewe Nakijwa, watu wa Kwamrutu, kijiji cha mlimani kule kwenye tangawizi na migomba. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Barabara ya gari ilikuja ikiishia mlangoni pao, na kutoka hapo kwenda juu ni njia za miguu tu. Sasa Mama Nakijwa alikuwa na pumu. Tena si pumu ya kunywa maji ya moto ikatulia, la. Ikimbana alivuta pumzi mpaka mishipa ya shingo inatoka, midomo inageuka rangi, na hospitali iko chini bondeni, huko mbali.

Mtu wa Kwamrutu akizidiwa anafikaje hospitali? Kwa machela, maana barabara ipo, gari la kukodi hakuna. Miti miwili, blanketi katikati, wanaume chini ya miti, na wengine wanafuata nyuma wakisubiri zamu. Msiniambie bodaboda! Mtu asiyeweza kukaa wima utamfunga kamba kama gunia la viazi? Ni machela. Tangu alipokuwa mdogo Namkunda aliiona machela ikimbeba mama yake, naye akatembea ubavuni ameshika ncha ya kanga ya mama, akisema, "Mama, vuta pumzi. Mama, vuta." Mama akaenda, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Watu wakasema Nakijwa ana roho ya paka, wakacheka. Namkunda hakucheka. Alijiapia moyoni mwake: "Ipo siku mama yangu atakwenda hospitali ameketi, kama watu."

Hilo ndilo neno lenyewe. Lishikeni, msilidondoshe.

Namkunda akaenda kujifunza udereva. Wakamcheka. Akapata leseni, wakamcheka. Akapewa lori la kuteremsha tangawizi sokoni, hapo wakaacha kucheka, kwa sababu lori lile lilikuwa limewashinda wanaume wawili, nao mnawajua. Akaendesha masika, akaendesha kiangazi. Wenzake wakashona nguo za sikukuu, yeye akaendesha. Wenzake wakaolewa, yeye akaendesha. Fedha alizipataje, alizihifadhi wapi? Mimi si karani, msiniulize mambo ya watu. Jueni tu kwamba siku moja alivua ndala akavaa viatu, akaingia kwenye duka la magari mjini, akatoka na gari.

Gari jipya! Nasema jipya, si haya yetu yanayokuja yamechoshwa na watu wengine huko ng'ambo. Viti vina nailoni, ndani kunanukia upya wa dukani. Muuzaji akampa funguo mbili, akamwambia, "Dada, hili halichomekwi ufunguo. Uwe nao tu mwilini, gari linakujua. Ukilikaribia linawasha taa, linalia pii, milango inafunguka yenyewe. Huu wa pili ni wa akiba, uweke pazuri."

Ufunguo wa pili! Namkunda alikuwa hajaona jambo hilo maishani. Lori lake lilikuwa na ufunguo mmoja, nao umefungwa kwa waya. Basi akaufunga ule wa akiba kwenye leso, leso akaitia kifuani, na hakumwambia mtu. Kwa nini? Baadaye alisema alipenda tu kuugusa. Kitu kipya cha kwanza katika maisha yake, ambacho hakikushikwa na mkono mwingine. Mimi simlaumu. Angalau hapa tulipofika, simlaumu.

Siku alipolifikisha nyumbani palikuwa na vigelegele vya kupasua masikio. Mama Nakijwa alitoka jikoni mikono ina unga. Namkunda akamwambia, "Simama hapa, Mama, uone." Akaenda mpaka kwenye migomba, akageuka, akaja polepole kuelekea gari. Taa zikawaka. Pii! Mama akaruka nyuma, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Ee! Linajua kuamkia kuliko wewe! Marahaba, mwanangu, marahaba!"

Kutoka siku hiyo kila liliposema pii, mama aliliitikia marahaba. Watoto wa jirani wakawa wanakuja kumsikia tu.

Sasa nisikilizeni. Ukoo ule ulikuwa na mila yake. Kwao chombo chochote kipya chenye magurudumu, iwe baiskeli, iwe toroli, ni mwali. Mwali analetwa nyumbani, sivyo? Lakini hajafunuliwa. Na anayefunua ni shangazi. Shangazi anatwanga mtama wake mwenyewe, nyumbani kwake, anakuja asubuhi, anakoroga unga kwenye maji, anapaka gurudumu moja baada ya jingine akitaja majina ya waliotangulia. Ndipo mwenye chombo anakalia kiti chake. Kabla ya hapo chombo kikishafika nyumbani hakiendi popote, na ufunguo unalala kwenye fundo la kanga ya shangazi.

Shangazi wa Namkunda, dada yake Mzee Eliapenda, aliitwa Navoneiwa. Alikaa ng'ambo ya kilele, upande ambao simu hazishiki. Mama huyu hakuwa na mchezo na mila, na alikuwa na sababu. Mwanawe Ombeni alinunua pikipiki mpya, akaucheka unga wa mama yake, akaipanda siku ileile. Kwenye kona ya korongo alitoka barabarani. Walimrudisha kwa machela, amefunikwa uso.

Kwa hiyo siku ile ya vigelegele, Shangazi akiwa miongoni mwa wageni, Namkunda alimpigia goti, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Ufunguo mmoja. Shangazi akaufunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Ahsante kwa kunijua, mwanangu. Nitakwenda kutwanga, nirudi nikufungulie." Mambo yote yalikuwa mazuri. Wali ulikuwepo, nyama ilikuwepo, na pombe ya miwa ilikuwepo. Ah, pombe ya miwa!

Mzee Eliapenda alikunywa ile furaha ya mwanawe mpaka ikampanda kichwani. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Dada, huo unga wako kapikie uji! Hili gari lina bima kubwa! Hebu tuambizane ukweli, bima na unga, kipi zaidi? Ombeni angekata bima, tusingekuwa tunapaka unga mpaka kwenye matoroli!"

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

Shangazi Navoneiwa akainuka, akajifunga kanga yake vizuri. "Umemtaja mwanangu kwenye pombe," akasema. "Haya. Ufunguo ninao. Siku utakayokuja kwangu kwa miguu yako kuniomba radhi, siku hiyo nitatwanga."

Akaenda zake, akapanda mlima bila kugeuka.

Namkunda akasema, "Baba, mfuate." Baba akasema, "Kesho." Kesho ikafika, Namkunda akasema, "Baba, nenda kwa Shangazi." Baba akasema, "Hasira za dada yangu nazijua, zinapoa zenyewe. Kesho." Namkunda akasema, "Basi niende mimi." Baba akafoka, "Ukienda wewe nimekwenda mimi! Sitaombewa radhi na mtoto wangu!" Kesho ikazaa kesho nyingine. Gari likakaa mbele ya nyumba limefunikwa kanga, na Namkunda kila akipita karibu lilimwashia taa, pii, na mama jikoni akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Hivi hapo hakuna aliyejiuliza? Ufunguo uko ng'ambo ya kilele, gari linaamkia nani? Hakuna. Walidhani gari jipya ndivyo lilivyo, linaamkia watu wote. Mama peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu mama hafichwi leso ya kifuani. Alijua akanyamaza.

Kisha mvua zikaja. Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka mlangoni, kuni zimelowa, na Mama Nakijwa akawa jikoni anapuliza moto. Moshi ukajaa. Akakohoa. Akatafuta dawa yake ya kuvuta, akavuta, kichupa kitupu. Akavuta tena. Namkunda alisikia sufuria ikianguka.

Mzee Eliapenda alipomwona mkewe, pombe zote za maisha yake zilimtoka. "Nakwenda kwa dada!" akapiga kelele. "Jirani! Kiondo! Waite watu wa machela!" Na mzee yule, ambaye kwa kesho zote zile aliona mlima ni mrefu, akaupanda mbio kwenye matope akianguka na kuinuka. Ameamka, lakini ameamka saa hizo.

Namkunda akabaki na mama yake. Akatia mkono kifuani, akatoa leso, akaifungua.

"Mama, ninao. Twende. Nitakubeba mwenyewe, nitakuketisha mbele."

Mama akautazama ufunguo. Maneno yake yalitoka mojamoja, kila neno kwa bei yake. "Shangazi... amefungua?"

"Bado, Mama. Twende hivyohivyo."

"Ombeni."

"Mama, mwache Ombeni! Ombeni alipenda mwendo. Mimi nimeendesha lori kwenye utelezi huuhuu. Mama, ninakuomba."

"Nilimwosha mimi," mama akasema. "Wifi hakuweza. Nilimwosha... mimi. Nikuoshe na wewe?"

"Hutaniosha. Mama, tazama midomo yako!"

Mama akamshika mkono, akamshika kwa nguvu ambayo Namkunda hakujua imetoka wapi. "Ukiwasha," akasema, "sina radhi nawe. Kwa maziwa niliyokunyonyesha. Machela... hunirudisha."

Jamani. Mtoto wa watu alipiga magoti kwenye majivu, akalia, akabembeleza, akabusu mikono ya mama yake. Mama akatikisa kichwa. Namkunda akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Alikuwa mtu mzima mwenye leseni yake, lori lilimtii, lakini radhi ya mama ni radhi ya mama. Kiondo na wenzake walipoingia na machela, leso ilikuwa imerudi kifuani.

Machela ya Kwamrutu haipiti barabarani. Hutoka kwa nyuma, inakata katikati ya tangawizi, inateremka njia ya mkato hadi kijito. Ndivyo walivyofanya siku zote, ndivyo walivyofanya siku ile. Gari wakaliacha mbele ya nyumba, hawakulipitia. Namkunda akatembea ubavuni ameshika ncha ya kanga. "Mama, vuta pumzi. Mama, vuta." Tope lilikuwa hadi magotini, wabebaji wakateleza, wakabadilishana zamu, wakateleza tena. "Mama, vuta." Kwenye kijito maji yalikuwa yamejaa, wakasubiri. "Mama, vuta." Walipovuka, Namkunda akaona kanga imekuwa nzito mkononi, kwa sababu mama alikuwa haivuti tena upande wake.

Hawakusimama. Walimpeleka hivyohivyo hadi hospitali. Daktari, kijana mpole, alimgusa, akamfunika. Akasema, "Hewa tunayo, dawa tunayo. Mngewahi kidogo tu, mama." Alimwambia Namkunda "mama" kwa heshima, lakini neno lile lilimkata.

Wakamgeuza kumrudisha. Na maiti hapitishwi njia ya nyuma. Maiti ni mgeni wa heshima, hurudi nyumbani kwa barabara, aingie kwa mbele. Basi wakapanda barabara polepole, mvua imeacha, na Namkunda ametangulia mbele ya machela.

Upande wa juu, kwenye njia ya kilele, walikuwa wanateremka watu wawili mbio. Mzee Eliapenda, na nyuma yake Shangazi Navoneiwa, kibuyu cha unga mkononi. Wakaiona machela. Wakaona blanketi limefunika uso. Wakasimama palepale.

Namkunda akafika usawa wa gari.

Taa zikawaka. Pii! Vioo vya pembeni vikafunguka, milango ikalia ka. Gari likaamkia, na yule aliyekuwa akiliitikia marahaba alikuwa amelala kwenye machela.

Mbeba machela mmoja akasema, "Kuamkia sawa, lakini mbona limefunguka?" Mzee Eliapenda akamgeukia dada yake. "Dada, umelifungua?" Shangazi alikuwa bado juu kwenye kona, hajafika hata karibu. Akainua pindo la kanga, fundo limekazwa vilevile. "Ufunguo huu hapa," akasema. "Sijaugusa."

Ndipo macho yote yakamwangukia Namkunda. Naye, masikini, kabla hajasema neno, mkono wake ukaenda kifuani wenyewe.

Sitawaeleza kilio cha usiku ule, wala jinsi Namkunda alivyosimulia yote mpaka kiapo cha mama yake. Twende kaburini.

Kwenye ukoo ule udongo wa kwanza hautupwi na yeyote. Hutupwa na ndugu wa ndani ambaye mkono wake ni safi kwa marehemu, na mpaka atupe huyo, watu wengine wanasimama. Na ndugu wa ndani wa Nakijwa waliosimama pale walikuwa watatu tu: mume, wifi, na mtoto. Kiondo jirani alikuwa ameshika koleo. Akampa mume kwanza, kama desturi.

Mzee Eliapenda akanyoosha mkono, dada yake akasema, "Eliapenda, wewe?"

"Kwa nini nisiwe mimi?" akasema mzee, machozi yamejaa ndevuni. "Mdomo wangu ulikosa, nakubali, na miguu yangu ilichelewa. Lakini ilipofika siku, nani alikimbia? Mimi! Nimekuja kwako nimelamba matope. Na ufunguo wa pili sikuujua. Ningeujua, ningemwamuru huyu mtoto awashe, na amri ya baba ingemtoa kwenye kiapo cha mama. Mimi nilinyimwa nafasi ya kumwokoa mke wangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nani ananizuia nisimzike?"

"Ninakuzuia mimi," akasema Shangazi Navoneiwa. "Mdomo wako ndio ulionipandisha mlima. Mimi sikufunga ufunguo kwa chuki. Niliufunga kwa hofu, kwa sababu namna ya kumfukia mtoto naijua, wewe huijui. Nilimlinda Namkunda asiende alikokwenda Ombeni, na Nakijwa alinielewa mpaka pumzi yake ya mwisho. Aliniwekea mila yangu kwa roho yake. Alimwosha mwanangu nilipokuwa siwezi kusimama. Acha nimtupie udongo yeye aliyenifaa."

"Na hasira, Shangazi?" akauliza Namkunda kwa sauti ndogo. "Mila inasema utwange ufungue. Haisemi usubiri uombwe radhi."

Shangazi akarudi nyuma hatua moja.

Kiondo akamgeukia Namkunda, akampa koleo. Baba yake akaung'ang'ania mpini. "Hapana! Alikuwa na ufunguo kifuani! Alimtazama mama yake anakata roho, ufunguo uko kifuani!"

Namkunda hakuling'ang'ania. "Ni kweli," akasema. "Nilificha, kwa sababu nilitaka kitu kimoja kiwe changu. Ningesema siku ya kwanza, pengine mngenishauri la kufanya. Nilinunua gari kwa ajili yake, na nilikuwa naweza kuliendesha. Lakini aliniapiza kwa maziwa yake. Ningelivunja neno lake, leo angekuwa jikoni ananikasirikia. Nimelitii, na sasa radhi yake ninayo, yeye sinaye. Niambieni nyinyi, watu wazima. Mtoto aliyemtii mama yake mpaka mwisho mkono wake ni mchafu?"

Sauti moja ya kike nyuma ya watu ikanong'ona, "Na marehemu mwenyewe je? Ufunguo aliujua, na kinywa cha kukataa kilikuwa chake." Shangazi akageuka kama aliyeunguzwa. "Nyamaza! Amelala!" Lakini neno lilikwisha kutoka, na mimi siwezi kuwaficha.

Kiondo akalichomeka koleo kwenye kile kichuguu cha udongo, akarudi nyuma. Mume akalitazama, wifi akalitazama, mtoto akalitazama. Mawingu yakashuka tena mlimani, matone ya kwanza yakaanza kugonga jeneza. Kule mbele ya nyumba gari lilikuwa na nailoni kwenye viti vyake bado, na hakuna aliyewahi kupanda kiti cha mbele, kile cha mama.

Mimi nimefikia hapo, na wao wamesimama hapo mpaka leo. Mmesikia wote, hakuna aliyelala. Mvua inakuja na kaburi liko wazi. Je, katika hao watatu, nani alistahili kulishika lile koleo?